Ukaazi wa Kudumu Kanada: Ijue Njia Yako Kabla ya Kulipa Ada

Wengi wanaoniuliza kuhusu ukaazi wa kudumu nchini Kanada huanza na fomu na ada. Kwa niliyoyapitia hadi nikaupata, naamini la kutangulia ni kujua sheria inakutambua kwa sifa ipi, kwani kazi inayokubalika katika njia moja huenda isihesabiwe kabisa katika nyingine.

Chukua Express Entry, ambayo wengi huidhani kuwa aina ya viza. Ni mfumo ulioanza Januari 2015, unaopokea wasifu wa waombaji wa programu tatu, kuwapanga kwa alama na kuwaalika baadhi yao kuwasilisha maombi. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza alama, sharti utimize masharti ya mojawapo ya programu hizo. Ile ya wafanyakazi wenye ujuzi, iliyonifaa nikiwa bado nje ya Kanada, hudai angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi yenye malipo ndani ya miaka 10 iliyopita, pamoja na alama 67 kati ya 100 katika kipimo chake chenyewe, ambacho si kile cha alama 1,200 kinachotumika kuwapanga waombaji. Ile ya waliokwisha kufanya kazi Kanada hudai mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka mitatu, lakini kazi iliyofanywa wakati wa masomo ya muda wote haihesabiwi, na kujiajiri pia hakuhesabiwi. Nawasihi sana wanafunzi walitambue hili mapema, wapange kibali chao cha kazi cha baada ya masomo wakilijua.

Ya tatu ni ya mafundi stadi. Nje ya hizo, majimbo nayo huteua watu wanaokusudia kuishi humo, na uteuzi unaopitia Express Entry huongeza alama 600. Quebec hujichagulia wahamiaji wake wa kiuchumi kwa mkataba wake wa 1991 na serikali kuu ya Kanada, hivyo anayetaka kuishi Montreal afuate masharti ya jimbo hilo.

Kilichonichukulia muda zaidi ni barua ya mwajiri. Haitoshi iseme kwamba ulikuwa mfanyakazi mzuri. Inapaswa kuandikwa kwenye karatasi rasmi ya kampuni, isainiwe, ionyeshe cheo, tarehe, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu. Mwajiri wangu wa zamani alinipa kwanza barua ya mistari michache isiyotaja saa wala majukumu, ikabidi nirudi kumweleza kwa adabu kila kinachohitajika. Majukumu hayo ndiyo anayoyalinganisha afisa na maelezo rasmi ya serikali kuhusu kazi uliyoidai, kwa hiyo cheo kikubwa chenye majukumu yasiyooana nayo hakikusaidii.

Tarehe nazo zina uzito. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili, na ni lazima yawe hai hata siku ombi la ukaazi linapopokelewa. Ukialikwa, una siku 60 za kuwasilisha kila kitu, na cheti cha polisi cha nchi uliyoishi zamani kinaweza kuchelewa. Mimi nilianza mapema kuvifuatilia vyangu, na ninashukuru kwamba nilifanya hivyo. Alama za umri nazo huanza kupungua ukifika miaka 30.

Ukihitaji msaada wa kulipia, mtumie mwanasheria au mshauri mwenye leseni, na usimruhusu yeyote akuongezee kazi ambayo hukuifanya, kwa sababu maelezo ya uongo yanaweza kukufungia mlango kwa miaka mitano. Ukishaupata ukaazi, tunza kumbukumbu za safari zako: unatakiwa uwe umekaa Kanada angalau siku 730 katika kila kipindi cha miaka mitano, na siku hizo si lazima zifuatane.