Kabla hujanunua PS, jijue wewe ni mchezaji wa aina gani

Swali ninaloulizwa sana kwenye kibanda changu cha gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni hili: "Kaka, nijichange ninunue PS au simu inatosha?" Na mimi huuliza: ukifungwa, huwa unafanya nini?

Yupo anayecheka, analipa, anawahi daladala ya Uyole. Yupo anayehamia benchi la nyuma, hachezi tena, anatazama tu vidole vya aliyemfunga. Kesho yake anakuja asubuhi, kibanda kitupu, anafungua sehemu ya mazoezi na kupiga frikiki ile ile mpaka nachoka mimi. Huyo wa pili akaanze kujichanga. Wa kwanza simu inamtosha, na wala si aibu.

Wengi wanadhani ukali uko kwenye gemu yenyewe: mpira na vita ni vya wababe, kupanga peremende ni kupitisha muda. Jirani yangu anauza mchele wa Kyela, na leveli aliyofika kwenye Candy Crush mimi siioti. Gemu hiyo ilitoka 2012. Inakupa roho tano; zikiisha, inarudi moja kila dakika 30. Imetengenezwa ucheze kidogo ukaendelee na shughuli zako (au utoe hela, hapo ndipo wenyewe wanapokula). Mama huyu hagusi kioo ovyo. Anaitazama ile ramani, midomo inahesabu, mteja anasubiri debe lake. Akikwama anamtuma mwanawe amtafutie YouTube. Mkali ni huyo, na padi ya PS hajawahi kuishika.

Tetris nayo ipo tangu 1984, mtu yeyote anaielewa kwa dakika mbili. Lakini Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Marekani aliicheza kwenye Nintendo ya zamani mpaka gemu ikaganda yenyewe.

Gemu za kukutesa kwa makusudi zipo, sikatai. Kwenye Dark Souls ya 2011, ukifa, roho ulizokusanya (humo ndizo hela) zinabaki pale ulipoangukia. Ukifa tena njiani kuzifuata, zimekwenda. Kama unafunga duka SIDO saa mbili usiku, umechoka na baridi hii ya Julai, usianzie huko. Chukua mpira, weka dakika nne kwa nne, cheza mechi mbili ulale.

Vibandani tuna sheria yetu: anayefungwa ndiye anayelipa. Sisi wenye kibanda inatufaa, ila kwa mtu wa kupitisha muda ni mateso, maana kila siku analipia furaha ya wengine. Ukija na rafiki wa aina hiyo, chezeni timu moja dhidi ya mashine. Mwache apige pasi zake za ajabu. Na usimfundishe kama hajaomba!

Basi, ukishajiridhisha kwamba wewe ni wa benchi la nyuma na umepata PS ya mtumba, usilipe kabla hujajaribu padi. Anzisha mechi, iweke mezani, usiiguse. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, stiki imechoka. Omba upunguziwe bei au upewe padi nyingine.