Debug inajengeka, Release inagoma: je, ninakili mipangilio yote?

Swali: Ninaandika programu ya C++ kwenye Visual Studio 2022 nikitumia OpenCV 4.10.0, maktaba ya kuchakata picha. Mradi unajengeka vizuri nikiwa Debug (usanidi wa kutafutia makosa), lakini nikihamia Release (usanidi wa toleo la mtumiaji) kompaila inatoa kosa C1083 kwamba faili la .hpp, yaani faili la vichwa vya maktaba, halionekani. Nimeshauriwa nichague "All Configurations" kisha nibandike humo mipangilio yote ya Debug. Je, ushauri huu ni sahihi?

Jibu: Usibandike, ndugu yangu. Folda yenye faili hizo za .hpp uliiandika wakati kisanduku cha Configuration kilicho juu ya dirisha la sifa za mradi kilikuwa kwenye Debug, kwa hiyo Release haikuambiwa lolote. Chagua All Configurations na All Platforms, iandike folda hiyo kwenye Additional Include Directories, ubofye Apply, na C1083 itaondoka. Kwa kipengele hiki kimoja mshauri wako hakukosea.

Amekosea kwenye neno "yote", na kosa hili nakutana nalo kila mara katika miradi ninayoombwa kuitengeneza. Watu hudhani Debug na Release ni nakala mbili za mradi mmoja zilizopishana kwa bahati mbaya, hivyo dawa ni kuzilinganisha, ilhali zimetofautishwa kwa makusudi: Debug hutumia /Od (bila kuboresha kasi), alama ya _DEBUG na /MDd (maktaba za C++ za kutafutia makosa), na Release hutumia /O2 (kuboresha kasi), alama ya NDEBUG na /MD (maktaba za kawaida). Ukiwa kwenye All Configurations, vipengele vinavyotofautiana huonyesha maneno "different options", na mtu asiyejua huyachukulia kama nafasi tupu inayosubiri kujazwa. Nafasi hiyo haiko tupu hata kidogo. Kila usanidi una thamani yake pale, na ukiandika chochote juu ya maneno hayo, thamani zote mbili zinafutika kwa pamoja.

Baada ya hapo makosa huzaana. Release yenye _DEBUG pamoja na /MD hufanya kiunganishi (linker) kilalamike kwamba hakioni _CrtDbgReport, kitendaji kilichomo kwenye maktaba za /MDd tu, na mwenye mradi, badala ya kuondoa _DEBUG, hubadilisha /MD kuwa /MDd ili kosa linyamaze. Akiwa amebandika pia /RTC1 (ukaguzi wa makosa programu ikiendeshwa), kompaila humkatalia kwa kosa D8016, kwa kuwa chaguo hilo haliendi pamoja na /O2. Naye huondoa /O2. Mwisho wake Release imebaki jina tu.

Kwa OpenCV hatari ni kubwa zaidi kwa sababu inaweza isionekane wakati wa kujenga. Kiunganishi hupewa faili la .lib la maktaba: Debug inataka opencv_world4100d.lib, Release inataka opencv_world4100.lib, na tofauti ni herufi moja. Ukiunganisha Release na ile yenye d, mradi unaweza kujengeka bila kosa lolote, kisha cv::imread, amri ya kusoma picha, ikapokea jina la faili lililovurugika na kurudisha picha tupu, kwa sababu muundo wa std::string (aina ya maandishi ya C++) wa pande hizo mbili haufanani. Nimemwona kijana akipoteza siku mbili akikagua picha zake moja moja, na picha zilikuwa nzima.

Weka folda za pamoja kwenye faili moja la .props (faili la mipangilio ya Visual Studio), uliongeze kupitia dirisha la Property Manager ukiwa umeuchagua mradi wenyewe, wala si tawi la Debug peke yake. Majina ya .lib yatenganishe humo kwa sharti la $(Configuration), na faili hilo liingie Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na mradi.

Ninalowaomba wote wanaoandika programu kwa ajili ya wateja ni kuacha kabisa kupeleka Debug kwa sababu Release imewashinda. Kompyuta ya mteja italalamika kwamba VCRUNTIME140D.dll, mojawapo ya maktaba za Debug, haipo, na hapo ndipo utakapoelekezwa kwenye tovuti zinazogawa faili za .dll bure. Faili hilo ni la mashine za watengenezaji programu, leseni ya Microsoft hairuhusu kulisambaza kwa wateja, na lililopakuliwa kwenye tovuti usiyoijua linaweza kuwa limebeba kirusi. Mteja mpe Release iliyojengwa ipasavyo, pamoja na kisakinishi cha Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe.