Shamba la babu Malindi: anza na masjala ya ardhi, si na ami yako

Ndugu, umesema babu aliacha shamba Malindi lenye cheti cha enzi za Mwingereza, na sasa ami yako amemuuzia mtu akidai yeye ndiye mrithi pekee. Usimwendee kwanza kwa ugomvi.

Cheti hicho huenda kilitokana na Sheria ya Hatimiliki ya 1908. Wakati huo watu wa Pwani walitakiwa kupeleka madai yao ya ardhi, na isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mkoloni. Kwa hiyo chukua nambari ya shamba, ufanye sachi (upekuzi wa rekodi za shamba) pale masjala, kisha uombe nakala ya kila hamisho. Soma tarehe na sahihi moja moja. Kama "babu" alitia sahihi baada ya kuzikwa (haya yapo!), cheti cha kifo kinakuwa silaha yako.

Siku hiyohiyo uliza namna ya kuweka zuio, lisiuzwe tena.

Kwa kuwa nyote ni Waislamu, Kadhi ndiye wa kutaja warithi na mafungu yao. Shangazi zako wamo, hata wakiambiwa wameshaolewa. Mnunuzi naye ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akisema alinunua kwa nia njema, wakili wako ataje hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2023 katika kesi ya Dina Management: hati haitoshi ikiwa mzizi wake, yaani namna ilivyopatikana, ni mbovu.

Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Ami yako aliuza lini hasa?