Kabla ya kukata chuma kwa mashine ya milingi nyumbani

Kazi ya kwanza kuniharibikia kwenye mashine ya milingi, ile inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka huku meza ikiisogeza kazi, ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga mahindi, ya mteja kutoka Mbozi. Alitaka nimchimbie mfereji wa milimita 8 wa kukalia kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti, puli yake isizunguke bure. Mfereji ukatoka mpana upande mmoja, kuta zake zina mawimbi. Nikamnunulia shafti nyingine kwa fedha yangu.

Kosa nililifanya mwenyewe: kisu nilikibana kwa chaki ya drili, yaani kile kishikio cha biti. Chaki ile imetengenezwa kwa biti inayosukumwa kwenda chini tu. Kisu cha milingi kinasukumwa ubavuni, basi kinacheza, na mtikisiko ukizidi chaki inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka. Ndugu yangu, siku unayonunua mashine nunua na koleti, kishikio kinachokibana kisu cha milingi pande zote. Kama fedha haitoshi vyote viwili, subiri mwezi mwingine.

Vijana wanaokuja karakana kwangu hapa Uyole huniuliza kwanza nguvu za mota. Mimi huwauliza mashine ina kilo ngapi. Ya kilo 60 hivi itakata aluminiamu na shaba nyeusi bila shida, lakini kwenye chuma utakwenda kwa pito jembamba, yaani kila mara kisu kishuke nusu milimita au chini ya hapo. Ukitegemea kazi za shafti na pawatila za wakulima wa mpunga kule Mbarali, tafuta nzito zaidi, kilo 200 au 300, hata ikiwa ya mtumba. Tazama pia nguzo. Ile ya mviringo, ukipandisha kichwa ili ubadilishe kisu, kichwa kinayumba kushoto au kulia na alama yako umeshaipoteza. Chagua nguzo ambayo kichwa kinapanda kwenye reli. Na kama nyumba yako ina umeme wa fezi moja, hakikisha mota ni ya fezi moja, na waya wa ethi ufungwe kweli.

Ikifika, osha grisi ya safarini kwa mafuta ya taa, futa, paka oili, kisha ifunge kwa bolti kwenye stendi nzito isiyotikisika.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na wengi huiruka. Kichwa kinachotoka kiwandani usikiamini. Funga saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita, kwenye mhimili unaozungusha kisu, mkono wake uzungushe ncha juu ya meza kwenye duara la milimita 200. Zungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Kushoto ikisoma sifuri na kulia ikasoma milimita 0.15, kichwa kimelala. Legeza bolti, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kaza, pima tena, maana kule kukaza peke yake hukisogeza. Mimi huacha ikifika 0.02. Kama kimelala mbele au nyuma, utaweka vipande vya bati jembamba chini ya nguzo. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu milimita 0.1 na limenisaidia sana. Nilitumia jioni mbili nzima. Kisha jiliwa linaloibana kazi mezani nalo: pitisha saa kwenye taya lisilotembea huku ukisogeza meza, mpaka mshale usicheze.

Kisu cha milimita 10 cha chuma cha kasi (kile kilichoandikwa HSS) kinataka mizunguko kama 800 kwa dakika kwenye chuma laini. Meza iendeshe ielekee kinyume na mzunguko wa kisu. Mashine ndogo zina ulegevu kwenye skrubu za meza, na ukienda sawa na mzunguko, kisu kitaivuta kazi ghafla na kuvunjika. Vaa miwani. Glavu usivae kabisa mbele ya kitu kinachozunguka.

Mvua zikianza Novemba, meza hushika kutu haraka sana huku kwetu. Kila jioni ninaifagia chenga kwa brashi, ninapaka oili, ninaifunika kwa shuka la pamba. Nailoni niliiacha, kwa sababu asubuhi nilikuwa nikiikuta imejaa jasho kwa ndani.