Meli ya vita iliyozama na watu wake: je, ni kaburi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa mizinga. Aliondoka Kilindini Februari 1944 katika meli iitwayo Khedive Ismail, hakurudi. Marehemu baba alizoea kusema, "Babu yenu hana kaburi." Sasa mdogo wangu ni mpiga mbizi, na ameitwa kazi Asia kwenye tishari linalokata vyuma vya meli za vita zilizozama. Mshahara ni mzuri. Nikimwuliza, ananiambia bahari si makaburi, na vyuma vile havina mwenyewe. Je, kazi hiyo ni halali? Na je, tunaweza kumswalia babu swala ya ghaibu, yaani swala ya maiti asiyekuwepo mbele yetu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nitaanza na babu, kwa sababu ukishajua alipolala, suala la mdogo wako litakuwa limejibika nusu.

Meli ile ilipigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, ikielekea Colombo. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao vijana wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwemo pia wauguzi wanawake. Manowari zilizolinda msafara ziliangusha mabomu ya majini kuiwinda nyambizi ile huku walionusurika wakiwa bado wanaogelea. Kila nikifika hapo katika habari hii, nanyamaza kwanza.

Asili ya maiti ni kuzikwa ardhini. Mwenyezi Mungu alimleta kunguru amfundishe mwana wa Adam namna ya kumsitiri nduguye (Qur'ani 5:31). Lakini wanazuoni wetu wa Kishafii waliishi na watu wa bahari na walilijua tatizo hili. Anayefia chomboni na nchi kavu ikawa mbali, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, kisha huachiwa bahari. Abu Talha, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alifia baharini, na wenzake hawakupata kisiwa cha kumzika ila baada ya siku saba. Walitafuta ardhi walipoweza kuipata. Isipopatikana, bahari ndiyo inayomsitiri maiti. Baba yako, Allah amrehemu, alisema kwa uchungu wa mtoto. Babu yenu kaburi analo, ila halina pa kusimama mzuru. Tena Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi, katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Tunamtarajia kheri hiyo, na nia yake anaijua Mola wake.

Sasa mdogo wako. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Bi Aisha. Hakusema "maiti wa nchi kavu." Kazi ya tishari lile ni kushusha kucha la chuma lenye uzito wa tani kadhaa, kupasua ubavu wa meli na kupandisha kila kitakachonaswa. Vyumba vya mashine, mabweni ya mabaharia, vyote. Mwenye kushika usukani wa winchi haoni anachovunja.

Huenda akakwambia kwamba mifupa imekwisha kuoza, na kwamba fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, inaruhusu kaburi kufukuliwa maiti akishakuwa udongo. Ruhusa hiyo ipo, lakini wanazuoni wameifunga kwa kauli ya wajuzi kwamba hakuna kilichobaki. Ndani ya chumba cha chuma kilichofungika nani amekwenda kuthibitisha? Palipo na shaka, heshima ya maiti inabaki mahali pake.

Au atasema wale walikuwa Waholanzi na Waingereza, si Waislamu. Jeneza la Myahudi lilimpitia Mtume (s.a.w.) akasimama. Alipoambiwa ni Myahudi, akajibu: "Je, si nafsi?" Na Qur'ani imesema "Tumewatukuza wanaadamu, tukawabeba nchi kavu na baharini" (17:70). Wanaadamu wote.

Ama kusema vyuma havina mwenyewe, hilo si kweli. Manowari ni mali ya dola iliyoimiliki, na kuzama hakuondoi umiliki mpaka dola yenyewe iachilie. Si rikazi, yaani hazina ya kale iliyofukiwa, kwamba aliyeiokota atoe khumsi (sehemu moja ya tano) na kilichobaki kiwe chake. Hiyo ni mali ya mtu anayejulikana.

Sheria za wanaadamu nazo zimeliona hili. Uingereza ilitunga sheria ya mabaki ya kijeshi mwaka 1986: meli nyingine unaruhusiwa kuzitazama bila kugusa, nyingine huruhusiwi kuzizamia bila kibali. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unadai heshima kwa mabaki ya watu yaliyo majini, lakini unalinda vilivyokaa chini ya maji angalau miaka 100. Meli ya babu yako itatimiza umri huo mwaka 2044. Sheria ya Uingereza nayo, katika bahari kuu, haimfungi asiyekuwa wa kwao. Katika nyufa hizo ndimo wanamopita wakata vyuma. Mwaka 2016 wapiga mbizi walikwenda kwenye manowari za Uholanzi zilizozama Bahari ya Java mwaka 1942, wakakuta De Ruyter na Java hazipo tena. Lilibaki tundu mchangani. Haki ya maiti katika dini yetu haingoji miaka 100.

Kwa hiyo kazi hiyo ni haramu, na ujira wake ni haramu. Mwambie kwa upole, maana riziki ni mtihani mzito kwa kijana. Ujuzi wake lakini una njia halali. Manowari ya Uingereza, Royal Oak, ilizama Scapa Flow, huko Uskoti, mwaka 1939 na watu zaidi ya 800. Miaka mingi baadaye wapiga mbizi waliitoboa kwa uangalifu, wakatoa mafuta yaliyokuwa yakivuja, wakawaacha maiti wamelala. Kazi ya kuondoa madhara namna hiyo, kwa idhini ya mwenye meli, sioni kizuizi.

Swala ya ghaibu ipo katika madhehebu yetu, kwa dalili ya Mtume (s.a.w.) kumswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyefia mbali. Ila kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kwamba humswalia aliyekuwa na wajibu wa kumswalia siku aliyokufa. Wewe hukuwa umezaliwa. Mwombeeni dua, mtoleeni sadaka, na kama kuna haki ya watu aliyoiacha, ilipeni. Vijana wa kikosi chake wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Nendeni mkalitafute jina lake, na mdogo wako mwende naye kabla hajajibu ile barua ya kazi.

Wallahu aalam.