Kontena limetoka, na bado linakaguliwa!

SWALI: Naandika programu ya Java ya ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, kufuatilia makontena yanayopitia Kilindini. Kila kontena nimeliwekea vigeu vinne vya ndiyo au hapana: limeshushwa, linakaguliwa, limelipiwa, limetoka. Sasa ripoti inaonyesha kontena lililokwisha kutoka bandarini na papo hapo linakaguliwa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tudor

JIBU: Toa kwanza malipo. Ushuru waweza kulipwa hata kabla meli haijafunga gatini, kwa hiyo hilo si kituo cha safari. Acha kigeu chake peke yake.

Vitatu vilivyobaki vinazaa michanganyiko 8, na inayowezekana ni 4 tu. Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, haijui hilo, itapokea yote. Vibadilishe viwe enamu moja, yaani orodha ya majina maalumu ambayo kigeu hushika moja tu kati yake, aina ambayo Java inayo tangu toleo la 5 la mwaka 2004:

enum Hali { LIKO_MELINI, LIMESHUSHWA, LINAKAGULIWA, LIMETOKA }

Kontena sasa lina hali moja kwa wakati mmoja. Lakini enamu haizuii kuruka kutoka LIKO_MELINI hadi LIMETOKA. Andika mbinu (method) moja tu ya kubadilisha hali, ikague hali ya sasa, na hatua isiyoruhusiwa itupe kosa.

Mtego unaowanasa wengi uko kwenye hifadhidata. Ukitumia JPA, njia ya Java ya kuhifadhi data kwenye hifadhidata, bila kutoa maelekezo, huhifadhiwa namba ya nafasi ya hali katika orodha, ikianzia 0. LIMETOKA ni 3. Siku utakapochomeka LIMERUHUSIWA kabla yake, LIMETOKA inakuwa 4, na makontena yote ya zamani yaliyoandikwa 3 yanasomeka kuwa yameruhusiwa tu, ilhali yalishafika Nairobi zamani. Hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Weka @Enumerated(EnumType.STRING) lihifadhiwe jina, kisha usilibadilishe jina hilo kiholela.

Kama una Java 14 au zaidi, tumia switch (amri ya kuchagua tawi kulingana na hali) inayorudisha thamani, bila tawi la default, lile linalopokea hali zote zisizotajwa. Ukiongeza hali mpya, kompaila itagoma mpaka uishughulikie kila mahali. Ukiweka default, umeizima kengele hiyo mwenyewe.

Kuhusu data iliyopo: ongeza safuwima mpya, jaza rekodi zisizo na utata, halafu chambua zile zinazojipinga. Hizo usizibahatishie kwa msimbo. Fungua mafaili ya karatasi, moja moja. Safuwima za zamani zifute baada ya hapo.