Beki mwenye namba ndogo

Mkuu, umeuliza kama beki wenu wa kati aachwe kwa sababu daftari linaonyesha kanyang'anya mpira mara mbili tu mechi nzima. Msimwache! Nilikuwepo uwanja wa Sokoine, Mbeya siku ile. Straika alipofungua mikono kuomba pasi, beki wenu alishasogea hatua tatu kuziba njia. Kiungo wao akainua kichwa, akaona, akarudisha nyuma. Daftari halikuandika kitu.

Hata kwenye besiboli ya Marekani, mchezo wa hesabu kweli kweli, daftari hudanganya: mdakaji mzito asiyeufikia mpira kwa kawaida haandikiwi kosa. Mwepesi aliyeukimbilia ukamponyoka anaweza kuandikiwa. Jumamosi mwangalieni mpira ukiwa mbali naye.